Ramani kwenye televisheni, vizibo juu yake

Hapa Katindo, Goma, tunacheza mchezo wa hadithi wa mezani, kila mchezaji akiigiza mhusika wake juu ya ramani, kwa mama mdogo, mwenye televisheni ya inchi 32. Ninailaza chali mezani, pembe zake juu ya vitabu vinne ili matundu ya nyuma yapate hewa. Waya wa HDMI unatoka kwenye kompyuta yangu. Kwenye kompyuta chagua kupanua kioo, ili televisheni ionyeshe kitu tofauti, si kunakili! Mimi nilinakili: joka nililowaficha wachezaji lilionekana kabla chai haijamiminwa.

Ninatumia Foundry VTT, programu ya kuonyesha ramani za michezo hii, kwa sababu inakaa ndani ya kompyuta yenyewe, haihitaji intaneti mchezo ukiendelea. Ifungue katika vivinjari viwili tofauti, kimoja kama msimulizi anayeongoza hadithi, kingine kama mchezaji. Hicho cha mchezaji ndicho kiende kwenye televisheni. Ukungu wa programu utaficha vyumba ambavyo wahusika hawajafika.

Vipimo ndivyo vinavyosumbua. Kioo hiki kina upana wa sentimita 71 na nukta (pikseli) 1920, yaani nukta 27 kwa kila sentimita. Wahusika wetu ni vizibo vya bia ya Primus, karibu sentimita 3 kila kimoja. Basi kuza ramani mpaka mraba mmoja wa ramani, anaposimama mhusika mmoja, uwe na upana wa nukta 81, halafu usiguse tena gurudumu la kipanya.

Umeme ukikatika, tunachukua chaki.