Somo: Kutambua sarafu ndogo za shaba za Kirumi, karne ya 4

Wakuu, kila wiki naletewa picha yenye ukungu na swali lilelile: "Hii ya nani?" Naandika hapa mara moja.

1. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa, uyabadilishe kila siku. Usitumie asidi, ndimu wala brashi ya waya.

2. Pima kipenyo kwa rula, uzito kwa mizani ya sonara.

3. Soma maandishi ya upande wa kichwa. V ni U. DN ni "Bwana Wetu", AVG ni kaisari mkuu, NOB C ni msaidizi wake. Usikimbilie "CONSTAN...": yupo Kaisari Constantinus, yupo Constantius, yupo Constans. Tafuta mwisho wa jina.

4. Geuza. GLORIA EXERCITVS ("Utukufu wa Jeshi"), askari wawili: bendera mbili katikati yao ni 330–335, moja ni 335–341. FEL TEMP REPARATIO ("Kurudi kwa nyakati njema") yenye mpanda farasi anayeanguka huanzia 348.

5. Kiwanda kilichofua sarafu. Herufi zake ziko chini ya mstari, miguuni mwa picha. TR ni Trier (Ujerumani), SIS ni Siscia (leo Sisak, Kroatia), SMAN Antiokia, SMAL Aleksandria. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na sarafu sita zenye PCONST na SCONST, nikaziandikia zote "Constantinople" (leo Istanbul, Uturuki), nikabadilishana mbili na mwenzangu kwa jina hilo. Zote zilikuwa za Arles, Ufaransa! Mwaka 328 mji ule ulipewa jina la Constantina, na kiwanda chake kikaanza kuandika CONST. Kwenye sarafu hizi za askari, Arles hutanguliza herufi ya karakana iliyomo ndani ya kiwanda: P ya kwanza, S ya pili. Constantinople huiweka mwishoni: CONSA, CONSB. Kama herufi ya kwanza imelika, usikisie. Andika "haisomeki". Ilinibidi nimrudie yule mwenzangu kumwomba radhi.

MASWALI

— Mkuu, nimeilaza kwenye ndimu usiku kucha, imekuwa nyekundu. Ya nani?
Hatua ya 1. Ngozi ya sarafu imeshaondoka, hairudi. Itoe sasa hivi.

— Kuna mtu kaniambia CONST yoyote ni Constantinople.
Nimeeleza sababu na mwaka. Rudia hatua ya 5, kisha uniambie yako ina herufi gani mbele.

— Kwa nini bendera zilipungua?
Swali zuri sana, ndugu. Mwaka 335 uzito wa sarafu ulishushwa, na picha ikabadilishwa pamoja nao. Ndiyo maana nasisitiza mizani: bendera zikifutika, uzito utakusaidia.

— Yangu haina jina la kaisari. Kichwa kina kofia ya vita, nyuma mbwa ananyonyesha watoto wawili.
Hongera! Huyo ni mbwa mwitu jike, na watoto ni Romulus na Remus. Mbele tafuta VRBS ROMA, "Jiji la Roma". Juu ya mbwa mwitu tafuta nyota mbili. Ina mwenzake, CONSTANTINOPOLIS, ya mji mpya uliozinduliwa 330. Ukiipata, ziweke pamoja.

— Njia hii inafaa kwa sarafu za Kilwa?
Hapana. Zile zina maandishi ya Kiarabu, na maneno ya upande mmoja hufanya vina na ya upande wa pili. Anza na jina la sultani. Na ukiiona ardhini kule, usiiokote: ipige picha ilipo, uwaarifu watu wa Mambo ya Kale.