Daftari la Madeni: Namna Ninavyouendesha Mfululizo Wangu wa Fantasia

Nimemaliza vitabu viwili kati ya vinne, na cha tatu kimefika sura ya 19. Wanaonisoma huniuliza mambo mawili: mawazo nayatoa wapi, na kitabu kitatoka lini. Majibu yote mawili yamo kwenye daftari moja la jalada la bluu, kurasa 96, ambalo naliita daftari la madeni. Kama nawe una mfululizo mkononi na umeanza kupotea ndani yake, anza nalo leo, kabla hujaandika sura nyingine.

Deni ni kila ahadi uliyompa msomaji, hata ile uliyoitoa bila kukusudia. Ukiandika kwamba mzee aliinua mkono wenye vidole vinne, umeshakopa: msomaji anasubiri kujua cha tano kilienda wapi. Katika kitabu kimoja deni kama hilo hulipwa baada ya kurasa mia mbili. Katika mfululizo huenda likakaa miaka sita, na mkopaji ndiye husahau wa kwanza.

Chukua kitabu chako cha kwanza ukisome kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine, kalamu mkononi. Kila ahadi iandikie mstari wenye safu tatu: ahadi yenyewe, sura ilipotolewa, na mhusika gani anaujua ukweli wake. Mimi nilikuta madeni 61, na 23 kati ya hayo nilikuwa nimeyasahau kabisa. Safu ya tatu usiiruke. Deni ambalo hakuna mhusika hata mmoja anayejua ukweli wake halitalipika ila msimulizi asimame aeleze, na hapo hadithi inalala.

Sasa mawazo. Ushauri ninaousikia sana ni ule wa kujaza kichwa picha: makasri, mazimwi, misitu ya ajabu. Picha hazijawahi kunifikisha mbali. Kinachonifikisha ni kujua kitu cha kweli kilizaaje kingine. Mfululizo wangu wote umetoka kwenye mlima mmoja. Mwezi wa Aprili 1815, volkano ya Tambora katika kisiwa cha Sumbawa, Indonesia, ililipuka na kurusha majivu na gesi ya salfa juu sana angani, utando uliopunguza joto la jua. Mwaka uliofuata theluji ilianguka mwezi Juni, ambao huko ni majira ya joto, kaskazini mashariki mwa Marekani, na huko Ulaya mavuno yakaharibika, nafaka ikapanda bei, watu wakafa njaa. Waliokuwa wakizika watu wao hawakujua kwamba kuna mlima unaohusika.

Umbali huo kati ya chanzo na anayeumia ndio niliouchukua. Volkano yenyewe niliiacha nje ya kurasa. Nikaijenga nchi ya Sirimbe, ambako jua limefifia na watu wanawalaumu wahunzi kwa moshi wa tanuri zao, huku msichana mmoja, Tamasi, akija kwa miguu kutoka upande wa pili wa dunia na kibweta cha majivu begani. Deni namba 1 ni hilo: je, watamwamini? Litalipwa kitabu cha nne, si kabla. Kwa hiyo ukisoma historia au sayansi ukitafuta mbegu, tazama nani anaumia na anadhani ameumizwa na nini. Pengo kati ya anachodhani na ukweli linatosha kulisha vitabu kadhaa.

Wazo jipya likinijia nalipeleka daftarini kwanza. Kama halilipi deni lolote, wala halikopi kitu ninachojua nitakilipa wapi, naliweka bahasha nyingine, hata nikilipenda vipi. Maktaba iliyozama ziwani, niliyoihangaikia wiki tatu, imo kwenye bahasha hiyo.

Kanuni za dunia yako nazo ni madeni, na ndizo zinazodai kwa ukali kuliko zote. Yangu ina miezi miwili angani: mkubwa huizunguka kwa siku 30, mdogo kwa siku 10, kwa hiyo hukutana kila baada ya siku 15 na kuleta bamvua ya kutisha, yaani bahari kujaa na kupwa kupita kawaida. Kitabu cha kwanza kilisema wazi kwamba miezi ikiwa utosini, maji yamejaa. Kisha kitabu cha pili, sura ya 8, nikawavusha Tamasi na mtoto wa mhunzi kwenye tope la ghuba, kwa miguu, miezi yote miwili ikiwaka juu ya vichwa vyao. Ilikuwa nzuri sana. Msomaji wangu wa kwanza aliandika pembeni ya mswada kwa penseli: "Si wangezama?"

Nililia kidogo, halafu nikafungua daftari. Huku kwetu duniani, kwenye pwani nyingi, kutoka maji kujaa hadi kupwa hupita kama saa 6 na dakika 12. Nikawapa saa hizo sita. Wakakaa chini ya mtumbwi uliopinduliwa, wanaowasaka wakipita na mienge, maji yakipwa polepole kuliko walivyoweza kuvumilia. Katika kusubiri huko mtoto akataja jina lake la kweli, deni namba 14, ambalo kwa mwaka mzima sikujua nitalilipia wapi. Tangu hapo sibadilishi kanuni ili kuokoa tukio. Naiacha kanuni iwabane wahusika mpaka waseme kitu.

Kosa lililokwisha kuchapwa ni gumu zaidi. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa fantasia, alitoa The Hobbit mwaka 1937, na toleo la 1951 likawa na sura iliyoandikwa upya, ile ambamo Bilbo, mhusika mkuu, anakutana na kiumbe Gollum na kuondoka na pete yake, kwa kuwa pete hiyo ilikuwa imegeuka jambo zito katika kazi iliyofuata, The Lord of the Rings. Masimulizi ya awali akayafanya kuwa uongo wa Bilbo mwenyewe. Njia hiyo nakuomba uishike: mtafute mhusika aliyekuwa na sababu ya kudanganya au kukosea, umkabidhi kosa lako. Likimfaa, utakuwa umepata siri mpya.

Kuhusu kupima umefika wapi, idadi ya maneno haiambii kitu. Siku njema naandika maneno 500, lakini maneno 500 yanaweza kukopa tu. Kitabu cha tatu kilianza na madeni 38. Nilijiwekea kulipa 20 na kukopa yasiyozidi saba. Mpaka sasa nimelipa 13, nimekopa matano. Anayeuliza kitatoka lini namjibu kwamba bado malipo saba. Cha nne hakitakopa hata kimoja.

Wiki hii nimeshikwa na deni namba 27: nani alifunga lango usiku wa moto? Safu ya tatu ina jina moja, la mhunzi mkuu, naye nilimuua kitabu cha pili, sura ya 12. Jana nikairudia sura hiyo na kukuta mstari niliokuwa nimeusahau: mkewe anauosha mwili wake na kuvua ufunguo kwenye kamba shingoni, anauficha kiganjani bila kusema neno. Nimeliandika jina lake kwenye safu ya tatu. Kesho sura ya 20 inaanzia nyumbani kwa mjane huyo, Tamasi akipiga hodi.