GPS ya mkononi kwa milima na misitu ya Uganda: kioo kitazame mwisho

Muuzaji atakuwashia kioo chenye rangi. Wewe uliza kwanza kifaa kinapokea masafa gani ya setilaiti. Chini ya miti ya Bwindi mawimbi ya setilaiti hugonga majani yaliyolowa na ngema za bonde kabla ya kukufikia, kwa hiyo alama yako inarukaruka ramani nzima huku umesimama. Hapo ndipo kifaa cha masafa mawili, L1 na L5, kama Garmin GPSMAP 65s, kinarudisha pesa yake. Kwa nyika ya Murchison Garmin eTrex 22x inatosha, ila haina dira: ukisimama mshale hauaminiki, tembea hatua kadhaa ndipo ukae sawa. eTrex 32x inayo dira.

Kwa Rwenzori, ambako kufika kilele cha Margherita na kurudi ni kama wiki nzima bila umeme wa uhakika, chagua kinachotumia betri za AA. 22x hula mbili kwa saa 25 hivi, yaani siku tatu za kutembea saa nane. Baridi ya mita 5,109 huua betri za kawaida za alkali mapema. Beba za lithiamu, uzitunze mfuko wa ndani. Ukitia za kuchaji, badilisha aina ya betri kwenye mipangilio, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya.

Mipangilio ndiyo inayopoteza watu, kuliko kifaa chenyewe. Ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, nacho kifaa hutoka kiwandani kikiwa kwenye datamu nyingine, WGS 84. Ukizichanganya unakosea karibu mita 300, na kwenye ukungu hizo zinatosha kukushusha bonde lisilo lako. Tena longitudo ya 30 mashariki inakata magharibi ya nchi: Kasese mjini ni ukanda 36 wa UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita unaogawa dunia kwa kanda, na Margherita ni 35. Namba za mahali zisizotaja ukanda usizitumie, muulize aliyekutumia.

Ukinunua kilichotumika, toka nacho nje penye anga wazi. Kilicholala miezi huenda kikahitaji zaidi ya dakika 12 kupakua upya ratiba ya setilaiti, usikikatae haraka. Kampala kisome takriban 0°19′ kaskazini, 32°35′ mashariki. Kisha fungua kifuniko cha betri: ukikuta kutu ya kijani kwenye springi au mpira wa kuzuia maji uliopasuka, maandishi ya IPX7 mgongoni, yaani alama ya kustahimili maji, ni pambo tu.