SOMO: Kutoka asilimia ya kwenye lebo hadi mililita za kwenye bomba la sindano

Ndugu wanachama, swali la "ng'ombe mkubwa achomwe ml ngapi za OTC" (yaani oksitetrasaikilini, dawa ya kuzuia bakteria) limeulizwa humu mara nyingi mno, na kila likijibiwa linarudi wiki inayofuata likiwa limebadilishiwa ng'ombe tu. Nimeona heri niandike mara moja, kwa kirefu, ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Somo linawahusu wanaotoa dawa katika maduka ya dawa za mifugo, wanafunzi walioko kwenye mafunzo kwa vitendo, na maofisa mifugo wa kata. Halimhusu anayetaka kujitibia mifugo bila kumwona mtaalamu. Dawa za kuua bakteria hutolewa kwa cheti cha daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na kazi yetu sisi wa nyuma ya kaunta ni kuhakikisha kwamba kiasi alichokusudia ndicho kinachoingia mwilini mwa mnyama.

Hatua ya 1: Soma cheti. Jina la dawa, aina ya mnyama, dozi, njia ya kutolea, idadi ya siku. Kikikosekana kimoja, mpigie simu aliyeandika.

Hatua ya 2: Kagua chupa. Namba ya usajili ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), tarehe ya kuisha muda, kizibo kisichoguswa.

Hatua ya 3: Pata uzito. Mizani ya ng'ombe ni nadra vijijini, lakini futi kamba ya fundi cherehani haikosekani. Pima kwa sentimita mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo. Ng'ombe mwenye mzunguko wa sm 150 na urefu wa sm 130 anakadiriwa kuwa na kilo 270. Haya ni makadirio, na mimba kubwa au tumbo lililojaa vinaweza kuyavuruga, lakini ni bora mara nyingi kuliko kumtazama mnyama kwa mbali na kutamka namba.

Hatua ya 4: Zidisha uzito kwa dozi. Cheti kikisema mg 10 kwa kila kilo, ng'ombe wetu anahitaji mg 2,700.

Hatua ya 5: Geuza miligramu kuwa mililita. Hapa ndipo panapoharibika, na hapa naomba msiruke mstari hata mmoja.

Asilimia iliyoandikwa kwenye chupa ya dawa ya maji ni gramu za dawa katika kila ml 100. Kwa hiyo ukiizidisha asilimia kwa 10 unapata miligramu zilizomo katika ml 1: chupa ya 5% ina mg 50, ya 10% ina mg 100, ya 20% ina mg 200. Gawanya miligramu ulizopata katika hatua ya 4 kwa namba hiyo, basi umemaliza. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kinachowaangusha watu ni mazoea, na mazoea hayo yana chanzo chake.

Tazameni oksitetrasaikilini. Ile ya 10%, kwa dozi ya mg 10 kwa kilo, inampa ng'ombe wa kilo 270 ml 27. Ile ya 20% yenye herufi LA ("long acting", yaani ya kudumu muda mrefu mwilini), kwa dozi ya mg 20 kwa kilo, inahitaji mg 5,400, ambazo ukizigawanya kwa 200 unapata ml 27 zilezile. Sadfa hii ndiyo iliyozaa ile kanuni ya mtaani ya "ml 1 kwa kilo 10," na kwa kuwa inatoa jibu sahihi kwenye chupa mbili, watu wameiamini kwenye chupa zote. Ukiipeleka kwenye chupa ya 5% umempa mnyama nusu ya dozi, yaani umewafundisha bakteria kuizoea dawa badala ya kuwaua. Na hata kwenye zile chupa mbili ambako mililita zinalingana, ratiba hazilingani: ya 10% hurudiwa kila siku kwa siku zilizoandikwa kwenye cheti, ilhali LA huchomwa mara moja na, ikibidi, hurudiwa baada ya saa 72. Anayechoma LA kila siku anarundika dawa mwilini na kuziumiza figo, na anayechoma ya kawaida kisha akasubiri siku tatu ameacha siku mbili nzima bila dawa ya kutosha kwenye damu.

Dawa za minyoo za kunywesha zina mtego mkubwa zaidi, kwa sababu sadfa hiyo haipo kabisa. Albendazoli ipo ya 2.5% na ya 10%, zote maji mazito meupe, na mara nyingi zinakaa rafu moja zikiwa na picha ileile ya ng'ombe na kondoo kwenye lebo. Ng'ombe wetu, kwa mg 7.5 kwa kilo, anahitaji mg 2,025: hizo ni ml 81 za ile ya 2.5%, au ml 20 na ushei za ile ya 10%. Mteja anayekuja na chupa ya soda akisema "niwekee kama ya mara iliyopita" hajui mara iliyopita ilikuwa ipi, na wewe pia hujui. Usimwekee. Muuzie chupa yenye lebo yake.

Dawa za unga zina mtego wa namna nyingine. Pakiti ya diminazini ya ndorobo (ugonjwa unaoletwa na mbung'o) iliyoandikwa gramu 2.36 haina gramu 2.36 za diminazini. Dawa yenyewe ni gramu 1.05, na iliyobaki ni ya kushusha homa na kutuliza maumivu. Ukikokotoa kwa uzito wa pakiti badala ya uzito wa dawa, utachoma chini ya nusu ya kinachotakiwa. Pakiti moja inatosha kilo 300 za mnyama, yaani mg 3.5 kwa kilo, na kiasi cha maji ya kuichanganyia hufuata lebo ya pakiti hiyohiyo, si ya kampuni jingine. Ikichanganywa kwa ml 15, ng'ombe wetu anapata ml 13.5.

Maonyo ya hatua hii: Usihamishe mililita kutoka chupa moja kwenda nyingine hata kama jina la dawa ni lilelile. Usikokotoe kwa kichwa mbele ya foleni ya wateja. Andika kwenye karatasi. Na jibu likikushangaza kwa ukubwa au udogo, hesabu upya kabla ya kufungua kizibo.

Hatua ya 6: Gawa sehemu za kuchoma. Lebo nyingi za LA huweka ukomo wa ml 10 hadi 20 kwa sehemu moja kwa ng'ombe mkubwa. Ml 27 zitagawanywa.

Hatua ya 7: Andika muda wa kusubiri. Yaani siku ambazo maziwa hayanywewi na mnyama hachinjwi. Chukua siku hizo kwenye lebo ya chupa unayouza, ziandike kama tarehe kamili kwenye karatasi ya mteja, kwa maana "siku saba" husahaulika na "usiuze maziwa hadi tarehe fulani" haisahauliki kirahisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuzaji, Kahama: Mkuu, somo ni zuri ila refu. Kwa kifupi, ng'ombe mkubwa ni ml ngapi?

Jibu: Hatua ya 3 hadi ya 5. "Mkubwa" si uzito.

Mdau, Kiteto: Kwa heshima zote, haya ya kuzunguka na futi kamba ni ya darasani. Mimi niko kazini miaka mingi, kila ng'ombe namchoma ml 20 za OTC na wanapona.

Jibu: Kaka, uzoefu wako nauheshimu, lakini hesabu haina ukubwa wa kazi. Ml 20 za 10% ni mg 2,000. Ndama wa kilo 100 umempa mara mbili ya kiasi chake, na dume la kilo 350 umelipatia chini ya mg 6 kwa kilo. Wapo watakaopona, na wapo waliokuwa wanapona hata bila sindano. Aliyepona, mwenye naye anarudi kukushukuru. Aliyekufa, mwenye naye anahamia duka jingine, nawe huwezi kumhesabu. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa tunaoulalamikia kwenye kila semina unalelewa na dozi za namna hii.

Mdau, Kiteto: Sijasema sitapima. Nimesema ni usumbufu.

Jibu: Hapo tumekubaliana. Ni usumbufu.

Mwanafunzi wa stashahada, Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. Nina swali la kutaka kuelewa tu. Kama oksitetrasaikilini ni ileile, LA inakaaje mwilini siku tatu wakati ya kawaida inaisha kwa siku moja? Na kwa nini mililita zilingane kama ulivyoonyesha?

Jibu: Marahaba. Haya ndiyo maswali ninayoyatamani. Tofauti haiko kwenye dawa, iko kwenye kimiminika kilichoibeba. LA imetengenezwa kwa viyeyusho ambavyo, dawa ikishaingia kwenye msuli, huiacha ijikusanye palepale na kutoka kidogokidogo kuingia kwenye damu. Ndiyo maana dozi yake ni kubwa zaidi, kwa sababu unamwekea mnyama akiba ya siku kadhaa kwa mkupuo, na ndiyo maana haichanganywi na maji wala na dawa nyingine ndani ya bomba moja: ukivuruga kile kimiminika umevuruga utokaji wake. Akiba hiyo hiyo ndiyo inayofanya nyama ya sehemu ya sindano ibaki na mabaki kwa muda mrefu.

Kuhusu mililita kulingana, mtengenezaji hupenda ujazo ulio rahisi kukumbuka shambani. Utaiona hali hiyo pia kwenye ivermektini, dawa ya sindano ya minyoo. Ile ya 1%, kwa mg 0.2 kwa kilo, ni ml 1 kwa kilo 50. Ipo pia ya 3.15% ya kudumu muda mrefu, ambayo kwa mg 0.63 kwa kilo nayo ni ml 1 kwa kilo 50. Ujazo mmoja, dawa mara tatu na zaidi, na muda wa kusubiri ulio tofauti kabisa. Kokotoa mwenyewe ya ng'ombe wa kilo 270 kwa ile ya 1%, kisha weka jibu hapa.

Mwanafunzi wa stashahada, Mpwapwa: Mg 54, kwa hiyo ml 5.4, chini ya ngozi.

Jibu: Sawasawa. Na umetaja njia bila kuulizwa, jambo ambalo wengi wa humu hawalifanyi.

Mfugaji wa maziwa, Njombe: Mtaalamu, ng'ombe wangu amewekewa dawa ya kiwele kwenye chuchu moja tu. Maziwa ya chuchu tatu nyingine naweza kuyachemsha nikauza?

Jibu: Hapana, mama. Dawa iliyowekwa kwenye chuchu moja huingia kwenye damu na kufika sehemu nyingine za kiwele, kwa hiyo maziwa ya chuchu zote nne yanamwagwa hadi muda uishe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini dawa nyingi za aina hii hazimalizwi na moto wa jikoni. Wanaogandisha mtindi huligundua haraka, kwa sababu maziwa yenye mabaki ya dawa hukataa kuganda: dawa imeua bakteria wale wanaogandisha. Usimpe ndama pia, maana hapo unamlisha dozi ndogondogo kila siku. Na kama alipewa dawa mbili kwa pamoja, fuata ile yenye siku nyingi zaidi.

Muuzaji, Singida: Lebo ya albendazoli yangu inataja ng'ombe na kondoo pekee. Mbuzi nimpe ya kondoo?

Jibu: Hilo mwulize daktari aandike, usiliamue kwenye kaunta. Mwili wa mbuzi huivunja dawa hii haraka kuliko wa kondoo, kwa hiyo dozi ya kondoo mara nyingi humpungukia. Uliza pia kama ana mimba, kwa kuwa albendazoli inaweza kuharibu mimba changa.

Muuzaji, Kahama: Sasa kwenye dawa ya kuogesha ya kupe hesabu ni hiyohiyo? Amitrazi ya 12.5%, bomba la mgongoni la lita 20.

Jibu: Afadhali, sasa tunazungumza. Hapa huhitaji uzito wa mnyama, unahitaji nguvu ya mchanganyiko. Lebo ya 12.5% kwa kawaida husema ml 2 kwa kila lita ya maji, kwa hiyo lita 20 zinataka ml 40. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kizibo. Bomba lililowahi kupuliza dawa ya magugu lisiguse ng'ombe.

Mdau, Kiteto: Kwetu kupe wameanza kutokufa. Tumebadilisha dawa mara tatu msimu huu.

Jibu: Umebadilisha jina la chupa au kundi la dawa? Saipamethrini na deltamethrini ni za kundi moja, hata kama chupa moja ni ya bluu na nyingine nyekundu. Amitrazi ni kundi jingine. Angalia jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa la biashara. Kabla ya hapo, hakikisha nguvu ya mchanganyiko ilikuwa sahihi na kwamba masikio, kinena na chini ya mkia vililowa, kwa sababu kupe wengi wanaosemwa ni sugu hawakuguswa na dawa.

Mfugaji, Monduli: Hiyo amitrazi iliyobaki kwenye bomba naweza kumpulizia punda?

Jibu: Hapana. Punda na farasi hudhurika nayo, matumbo hugoma kufanya kazi na mnyama anaweza kufa. Mtafutie dawa ambayo lebo yake imemtaja, na hiyo iliyobaki usiimwage mtoni.