Kusomea ngoma Makerere huku unajifunza Kidenmaki

Kila mwaka matokeo ya Senia Siksi, yaani kidato cha sita, yakitoka, simu yangu huanza kuingiza ujumbe wa aina moja: "Dada, shikamoo. Nataka kusomea ngoma chuo kikuu, na nimesikia wewe ulijifunza Kidenmaki ukiwa hapahapa Kampala. Ulifanyaje?" Nimekuwa nikijibu vipande vipande, nusu leo, nusu wiki ijayo. Leo nimekaa niandike yote kwa mkupuo mmoja.

Mimi ni mtoto wa Bombo. Nyumbani ni Kinubi na Kiswahili, Luganda nilikipata sokoni, Kiingereza shuleni. Kucheza nilifundishwa na mama zangu kwenye doluka, ngoma zetu za harusi, kabla sijajua kuandika jina langu. Kwa hiyo Kidenmaki kwangu kilikuwa lugha ya tano, na wewe unayesoma hapa huenda una tatu au nne tayari. Usiogope kuongeza moja.

Tuanze na ngoma. Makerere waliianzisha idara yake mwaka 1971 ikiitwa Muziki, Dansi na Drama, ndiyo maana mpaka leo ukishuka Wandegeya ukauliza "MDD iko wapi?" utaonyeshwa, ingawa jina rasmi sasa ni Sanaa za Maonyesho na Filamu. Chuo Kikuu cha Kyambogo nao wana sanaa za maonyesho. Angalia kozi zote mbili kabla hujajaza fomu, soma masharti ya masomo ya kidato cha sita, na jiandae kucheza mbele ya watu wakikuomba. Chagua ngoma ya kwenu unayoijua kwa mwili kuliko ile uliyoiona kwenye simu wiki iliyopita.

Kama tatizo ni wazazi, usibishane nao sebuleni. Baba yangu alisema ngoma ni ya harusini, haisomewi. Nilimchukua jioni moja hadi Ndere, kule Ntinda, kwa kikundi ambacho kimekuwepo tangu 1984. Aliona ngoma za kaskazini, magharibi na mashariki jukwaa moja, aliona watu wazima wanalipwa kwa kazi hiyo, na aliona wageni wameandika madaftari yamejaa. Njiani kurudi hakusema kitu mpaka tulipofika Kawempe, ndipo akaniuliza ada ni kiasi gani.

Kidenmaki sasa. Makerere nilikuta Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, Kidenmaki sikukikuta. Nilijifunza mwenyewe, na nilichogundua ndicho kilichonifanya niandike haya: usikisome kama somo la pili lililo pembeni ya ngoma. Kisome kwa mwili uleule unaouzoeza darasani. Saa hiyohiyo, sakafu hiyohiyo.

Mdomo kama kiuno

Ukicheza bakisimba ya Waganda, kazi ngumu ya kwanza ni kutenganisha. Kiuno kinazunguka na ile ngozi ya manyoya marefu inarukaruka nyuma yako, lakini mabega yametulia na uso unatabasamu. Mgeni anatikisa mwili mzima. Mchezaji anatikisa anachotaka, kingine anakiacha.

Irabu za Kidenmaki zinataka ujuzi huohuo, ndani ya mdomo. Sisi tuna tano: a, e, i, o, u. Wao wanaandika tisa, wakiongeza y, æ, ø na å. Fanya hivi. Sema "i" ndefu, ishikilie. Ulimi usisogee hata kidogo. Sasa midomo peke yake iende kwenye "u". Sauti inayotoka ndiyo y yao, kama katika "ny", yaani mpya. Kisha sema "e", ulimi ubaki palepale, midomo ifanye "o": hiyo ni ø, kama katika "brød", mkate. Herufi å ina sauti ya kukaribiana na "o" yetu, na iliingia rasmi mwaka 1948; kabla ya hapo waliandika aa, na mji wa Aarhus ulirudia aa mwaka 2011. Herufi æ iko kati ya "e" na "a". Fanya mbele ya kioo dakika kumi, kila siku kabla ya kupasha mwili moto. Mimi nilifanya kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na wenzangu walizoea.

Ile d ya mwisho wa "brød" nayo ina kisa chake. Si d yetu. Mswahili ana bahati hapa, kwa sababu ana dh. Sema "dhahabu", ikamate ile dh, halafu ncha ya ulimi ishuke ikae nyuma ya meno ya chini badala ya kugusa ya juu. Ukisikia kama inataka kuwa "l", umefika. Jaribu "mad", chakula, na "gade", mtaa.

Ila tuna kosa letu la kuzaliwa: tunapenda neno liishie kwa irabu. "Dansk" inakuwa "dansiki". Kata. Acha konsonanti zibaki uchi mwishoni, hata kama sikio lako linalalamika.

Kiganja juu ya ngoma

Kuna kitu wanakiita "stød". Vitabu vinaeleza kwamba ni mkwamo wa koo, na maelezo hayo hayakunisaidia. Kilichonisaidia ni embuutu, ngoma ya Waganda, iliyokuwa pembeni ya ukumbi wa mazoezi.

Piga ngoma, inua mkono mara moja, acha mlio uende zake. Hiyo ni "hun", yeye, mwanamke. Sasa piga na kiganja kibaki juu ya ngozi, mlio ufe mkononi mwako. Hiyo ni "hund", mbwa. Ile d haitamkwi; tofauti yote iko kwenye kule kuukata mlio. Nilikaa na ile ngoma jioni nzima, hun, hund, hun, hund, mpaka koo likaelewa mkono unafanya nini. Ukikosea hapo unamwita dada wa mtu mbwa, kwa hiyo kaa na ngoma yako.

Hatua ya pili ni ya kitenzi

Sarufi yao si kali kama watu wanavyosema. Ngeli ziko mbili tu, ya "en" na ya "et", nasi tuna zaidi ya hizo tangu utotoni. Kitenzi hakibadiliki kwa mtendaji: jeg danser, du danser, vi danser. Mimi, wewe, sisi, ni "danser" tu. Neno la kuonyesha kitu kinachojulikana linabandikwa mwishoni: "dans" ni ngoma, "dansen" ni ile ngoma, "hus" ni nyumba, "huset" ni ile nyumba.

Kinachoangusha watu ni mpangilio. Katika sentensi ya kawaida kitenzi hukaa nafasi ya pili, liwe lipi lililotangulia. "Vi danser i dag", tunacheza leo. Ukianza na leo, mtendaji anasukumwa nyuma: "I dag danser vi". Sisi kwa Kiswahili tunasema "leo tunacheza" bila kusogeza kitu, kwa hiyo ulimi wetu unataka kusema "i dag vi danser", na hapo unajulikana kuwa mgeni.

Nilichora visanduku vinne vya chaki sakafuni. Kila kisanduku ni neno au fungu la maneno, unakanyaga unaposema. Sanduku la pili nililichora kubwa na kukanyaga kwa kisigino, kwa nguvu: danser. Nu DANSER vi, sasa tunacheza. Efter maden DANSER vi, baada ya chakula tunacheza. Baada ya wiki tatu mguu ulikuwa unakataa wenyewe nikikosea.

Maneno ya ukumbini yaanze mapema, kwa sababu utayatumia kila siku: "højre" kulia, "venstre" kushoto, "bøj knæene" kunja magoti, "langsomt" polepole, "én gang til" mara moja tena. Hesabu nane zako za mazoezi uzihesabu kwao: en, to, tre, fire, fem, seks, syv, otte. Kwa matamshi tumia kamusi yao ya bure mtandaoni, ordnet.dk, ambayo maneno mengi unabonyeza unayasikia.

Saa, ambayo ilinigharimu

Nilipofika Denmaki kwa muhula mmoja wa shule ya bweni, tulikuwa na mazoezi ya onyesho. Mwalimu akasema "halv fire". Nilijua "fire" ni nne, "halv" ni nusu. Nikawaza: nne yao ni saa kumi yetu, basi saa kumi na nusu. Nilipofika, wenzangu walikuwa wanavaa makoti, na nafasi yangu ya mbele alikuwa amepewa mwingine. Nililia chooni.

"Halv fire" ni nusu ya kuielekea nne: yaani saa tisa na nusu kwetu. Mswahili ana kazi mara mbili, kurudisha nusu nyuma na kugeuza ile tofauti ya saa sita kati ya hesabu yao na yetu. Usigeuze kichwani ukiwa na haraka. Rudia kwa tarakimu za simu, "15.30, ikke?", yaani sivyo?, mbele ya aliyekuambia.

Na ukiielewa halv hii, umefungua tarakimu zao zinazoogopesha watu. Wanahesabu kwa ishirini. 60 ni "tres", tatu mara ishirini. 80 ni "firs", nne mara ishirini. 50 ni "halvtreds": nusu ya kuielekea tatu, yaani mbili na nusu, mara ishirini. 70 ni "halvfjerds", tatu na nusu mara ishirini. 90, "halvfems", umeshaijua. Kisha moja hutangulia kumi: 25 ni "femogtyve", tano na ishirini.

Milango ya kule

Nitapita haraka, maana kila mmoja mfuko wake ni tofauti. Chuo cha serikali cha sanaa za jukwaani, Den Danske Scenekunstskole, kina dansi na koreografia, yaani utungaji wa dansi, kinaingiwa kwa mtihani wa kuonyesha, na kiko chini ya Wizara ya Utamaduni. Kusomea Kidenmaki chenyewe ni vyuo vikuu kama Copenhagen na Aarhus. Kozi zinazofundishwa kwa Kidenmaki kwa kawaida zitakudai "Studieprøven", mtihani ulio juu ya "Prøve i Dansk 3", na hapo ndipo wengi wanakwama. Sisi tusio wa Umoja wa Ulaya tunalipa ada tangu 2006. Maombi ya shahada ya kwanza hupitia optagelse.dk, mwisho 15 Machi saa sita mchana ya kwao, ambayo Kampala ni saa nane. Usingoje mtandao wa dakika ya mwisho.

Mimi nilipitia "folkehøjskole", shule za bweni zilizoanza 1844 pale Rødding kwa mawazo ya Grundtvig, mchungaji na mwandishi wa Kidenmaki. Hazina mitihani wala shahada. Unalipia masomo, chakula na kitanda, unakaa miezi kadhaa, na nyingi zina dansi. Kama shabaha yako ni lugha, chagua inayofundisha kwa Kidenmaki. Ile ya kimataifa ya Helsingør inafundisha kwa Kiingereza, na utarudi hujui kuagiza mkate. Ubalozi wao uko Kampala; ya viza waulize wao, si mtu wa kijiweni.

Kuna pia shahada ya uzamili ya ngoma, Choreomundus, ya miaka miwili, kwa Kiingereza, inayozunguka Clermont-Ferrand, Trondheim, Szeged na London. Ukiwa Trondheim, Norwei, Kidenmaki chako hakitapotea: maandishi ya bokmål, namna kuu ya kuandika Kinorwei, yalikua kutoka Kidenmaki, nawe utasoma matangazo ya ukutani siku ya kwanza.

Jambo moja nakuomba sana. Kule watakuambia "tuchezee ngoma ya Afrika". Usicheze mchanganyiko. Cheza ngoma moja na uitaje kwa jina lake na watu wake. Larakaraka ni ya Waacholi, na kile wanachokipiga mkononi ni nusu ya kibuyu kwa spoki za baiskeli. Runyege ni ya Bunyoro na Tooro, na mlio unatoka kwenye njuga zilizofungwa miguuni mwa wanaume, siyo kwenye ngoma peke yake. Andaa sentensi zako hapa nyumbani, zisome kwa sauti mpaka zitoke bila karatasi: "Jeg hedder Halima. Jeg kommer fra Uganda. Denne dans kommer fra Nord-Uganda." Yaani: naitwa Halima, natoka Uganda, ngoma hii inatoka kaskazini mwa Uganda. Weka jina lako pale pa Halima. Kisha rudi nyuma hatua mbili, mpe mpigaji ishara, uanze.