Kuishi na disleksia bila kuchoka kwa kujificha

Fundi aliingia dukani na beringi mbili, moja kila mkono. "Dada, nimekuomba 6203, wewe umenipa 6302. Nimeshafungua gurudumu, haiingii." Tarakimu zote nne ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu. Lakini moja ina tundu la milimita 17 na nyingine milimita 15, na kwa mwenye bodaboda hiyo ni nusu siku ya kazi imepotea. Nilimwomba radhi, nikambadilishia, halafu nikaenda nyuma ya rafu ya tairi nikakaa juu ya boksi. Kilichoniuma si kosa. Ni ile sauti iliyoanza kichwani: wewe mjinga, mjinga tangu darasa la pili.

Natunza stoo ya vipuri vya pikipiki hapa Morogoro, huu mwaka wa 11. Nina disleksia. Haya nimeyasema kwa mdomo, simu ikayaandika, kisha nikaisikiliza ikinisomea na kurekebisha. Nawaandikia wenzangu wanaosoma kwa shida, hasa waliochoka moyoni.

Anza kwa kuijua kwa jina lake. Disleksia ni ubongo kupata shida ya kuunganisha herufi na sauti zake kwa haraka. Macho yanaweza kuwa mazima kabisa, na akili pia. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu, anayeweza hesabu, ila kusoma kumemshinda. Mwalimu wake alisema kama masomo yangefundishwa kwa mdomo tu, huyo ndiye angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Niliposomewa habari hiyo nililia, maana mimi pia nilikuwa najibu maswali yote ya mdomo.

Kwetu Kiswahili kinaificha. Kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto anajikongoja. Hakosei sana, ila anasoma taratibu mno, na akikutana na neno refu kama "walivyotushirikisha" anasoma mwanzo na kubahatisha mwisho. Vitabu vya darasani nilikuwa navikariri kwa kuwasikiliza wenzangu. Kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza, ambapo "though" na "through" zinafanana machoni na hazifanani mdomoni, na hapo kukariri kukagoma. Nyumbani wakasema nimeharibiwa na makundi.

Jina lenyewe nililipata nikiwa na miaka 31. Mwanangu Baraka alikuwa darasa la pili, na mwalimu wake, aliyesomea elimu maalumu pale Patandi, Arusha, aliniita shuleni. "Mama Baraka, nyumbani kuna mwingine aliyepata shida ya kusoma?" Nilikaa kimya kidogo, nikasema, "Mimi, mwalimu." Akanieleza kwamba mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Ukitaka kupimwa, wewe au mtoto wako, pima kwanza macho na masikio hospitalini, kisha mtafute mwalimu wa elimu maalumu. Ukiwa Kenya, ulizia kituo cha EARC cha eneo lako, ndicho kinachopima mahitaji ya kielimu ya watoto.

Sasa jambo ninalolijali kuliko yote: kujificha kunachosha kuliko kusoma. Kwa miaka nilisema nimesahau miwani, na miwani sina. Kanisani nilikaa karibu na mlango ili nisiitwe kusoma somo. Fomu yoyote nilisema naipeleka nyumbani nikaijaze vizuri. Jioni kichwa kinauma, nawafokea watoto, na mtu akiniuliza kazi gani imenichosha sina jibu, maana kazi yenyewe ilikuwa kulinda siri.

Mwambie mtu mmoja. Usianze na kikundi kizima cha kazini, anza na yule ambaye ukikosea jambo litamfikia. Mimi nilianza na bosi. Nilifanya mazoezi ya sentensi nikiwa njiani, na niliisema hivi: "Bosi, nasoma taratibu na tarakimu zinanichanganya. Mzigo naujua, wateja nawajua. Naomba njia mbili tatu za kunisaidia nisikosee." Sema shida, sema unachokiweza, kisha omba kitu kinachotekelezeka. Ukiishia kwenye shida peke yake, mtu anabaki na huruma isiyo na kazi.

Alichofanya ni kununua makopo mawili ya rangi. Rafu ya 6203 ina mstari wa bluu, ya 6302 ina mstari mwekundu, na ziko pande mbili tofauti za stoo. Namba naikata vipande viwili nikiigusa kwa kidole na kuitamka: "sitini na mbili, sifuri tatu." Mteja namwomba airudie. Nikiwa na wasiwasi natoa venia nikapima tundu, chuma hakibadilishi tarakimu. Leja naijaza asubuhi, kabla kichwa hakijachoka. Ukiweza, na wewe panga usomaji mgumu saa zako nzuri, kazi za mikono zibaki mchana.

Simu itumie bila aibu. Kibodi ya Google inaandika Kiswahili unachokisema, na simu nyingi za Android zinaweza kukusomea maandishi kwa sauti. Kuza herufi na uzitenganishe. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia: herufi zilipotenganishwa kidogo, walisoma haraka zaidi na kwa makosa machache. Ila usiuziwe miwani ya rangi kwa bei kubwa ukiambiwa itakuponya. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inatibu disleksia, na hela hiyo ina kazi.

Mahali pawili usione haya hata kidogo. Duka la dawa: mwombe mhudumu aseme dozi taratibu huku unamrekodi. Na mikopo: usisaini mkataba ambao hujasomewa na mtu unayemwamini, asiye upande wa mkopeshaji. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, inawaumiza hata wanaosoma vizuri, sembuse sisi tunaoona haya kusema "nisomee".

Kuhusu hofu. Ukiitwa kusoma mbele za watu, mikono inatoka jasho, mistari inaogelea, na kweli unasoma vibaya kuliko kawaida. Hujazidiwa na ugonjwa. Hofu inachukua nafasi ileile ya kichwa unayoihitaji kushika sauti za neno mpaka liishe. Kandamiza miguu sakafuni, vuta pumzi, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, rudia mara nne au tano. Na jifunze sentensi ya kujinunulia muda: "Nipe karatasi, nitaipitia nikupe jibu jioni." Mtu mwenye heshima atakubali. Mzee wa kanisa nilimwambia mwenyewe, akaniambia somo nitapewa tangu Jumatano kama nikitaka, na nisipotaka basi. Nimelisoma mara moja. Niliishika Biblia kwa mikono miwili na kidole gumba juu ya mstari, nikasoma aya sita. Lakini furaha yangu iko kwaya, ambako nyimbo tunazishika kwa sikio. Na wewe tafuta sehemu ambayo karatasi haiamui thamani yako, na uende kila wiki.

Ile sauti ya kichwani sikuishinda peke yangu. Mwaka 2019, baada ya kosa jingine kubwa la kuhesabu mzigo, nilikaa wiki tatu silali. Chakula sikitaki, kwaya siendi, nikawa nafikiri watoto wangekuwa bora bila mimi. Wifi yangu ndiye aliyenishika mkono tukaenda hospitali. Daktari alinisikiliza, akanipangia vikao na mshauri. Mshauri alinifundisha jambo moja ambalo bado nalitumia kila siku: sema kilichotokea, usiseme wewe ni nani. "Nimebadilisha tarakimu mbili" badala ya "mimi mjinga". Kosa la tarakimu lina dawa, unapaka rafu rangi. "Mjinga" haina pa kuanzia. Mwanzoni niliona kama mchezo wa maneno. Baada ya mwezi nilikuwa nalala.

Kwa hiyo jipime. Huzuni, kukosa usingizi, kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, vikidumu wiki mbili au zaidi, nenda hospitali. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo pa kuanzia, uliza huduma ya afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Muhimbili, Dar es Salaam, kuna idara yake, na Dodoma iko Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ambayo watu huitaja kwa kejeli bila sababu, ni hospitali kama nyingine. Mawazo ya kutaka kufa hayasubiri wiki mbili. Siku hiyohiyo mwambie mtu aliye karibu, asikuache peke yako, mwende. Kwa mtoto anayeteseka, 116 ni namba ya bure, Tanzania na Kenya. Na pombe usiigeuze dawa ya usingizi. Inakulaza mapema na kukuamsha saa tisa usiku na mawazo yaleyale.

Kama mtoto wako ana shida hii, usimpige na usimlinganishe na ndugu zake. Mimi na Baraka tulianza na dakika 15 kila jioni, hatukuzidisha. Tulimwaga unga wa mahindi kwenye sinia, akaandika herufi kwa kidole huku akitamka sauti yake, ili mkono, sikio na jicho vijifunze pamoja. "B" na "d" tulizitenga wiki nzima kila moja. "Ng'ombe" ilitusumbua mwezi, kwa sababu ya kile kialama kidogo anachokisahau.

Jioni moja aliandika "dada", akaitazama, akafuta kwa kiganja, akaandika "baba". Akasema ndiyo aliyoitaka. Kisha akanisogezea sinia. "Mama, na wewe andika." Siku iliyofuata nilinunua sinia la pili.