Namna ya kumeza doksisaiklini
Doksisaiklini ni antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini. Molekuli yake imejengwa kwa pete nne zilizoungana, na oksijeni zilizo ukingoni mwa pete hizo hunasa kwa urahisi madini ya kalsiamu, magnesi, alumini na chuma. Kwa hiyo anayeimeza pamoja na vidonge vya kuongeza damu au dawa ya kiungulia yenye madini hayo huifunga tumboni kabla haijafyonzwa. Ni afadhali aitangulize doksisaiklini kwa muda wa saa mbili au zaidi. Maziwa huipunguza nguvu kidogo tu, tofauti na tetrasaiklini yenyewe.

Ninalolisisitiza zaidi ni maji. Kapsuli yake ina asidi, na ikikwama njiani huchoma umio hadi kufanya kidonda, hivyo imezwe kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa ameketi wima au amesimama, wala asilale kwa nusu saa. Kuimeza kwa funda moja ukiwa tayari kitandani ni kujiumiza bure. Mjamzito naye amweleze daktari hali yake kabla ya kuandikiwa, kwa kuwa dawa za jamii hii hushikamana pia na kalsiamu ya meno ya mtoto yanayojengeka tumboni.